Mkono wa Meja Stamili

Mama Elisifa anasema ndege ile ilisimama. Haikupita, anasema, ilisimama hewani kama mwewe anayechagua kifaranga, juu kabisa ya bati la Meja Stamili, na giza lake likaangukia alizeti alizokuwa ameanika kwenye turubai. Tangu hapo, anaapa, mbegu zile zimegoma kutoa mafuta. Kazipeleka mashineni zikatoka mashudu matupu, makavu kama maranda ya seremala. Ndege ya pili ilibaki juu kidogo ikizunguka, kama msafiri anayemsubiri mwenzake aliyeingia kichakani kuchimba dawa. Halafu ile ya kwanza ikainamisha bawa la kushoto, taratibu, mara moja, kama binti anayepiga goti kusalimia wakubwa, ikaondoka zake. Na ndani hamkuwa na mtu. Hilo kaliona kwa macho yake mwenyewe: kioo cheusi, hakuna kichwa.

Kila alipoisimulia, ndege ilizidi kushuka. Ilipofika mnadani Kisonsela ilikuwa imegusa mti wa mkaratusi, na kuna waliosikia kwamba iliomba maji ya kunywa.

Meja Stamili Ntandu aliyasikia hayo akiwa anasugua chombo cha maji ya kuku, shingo imekaza upande wa kulia kama kawaida yake. Shingo ile haikuwa ya baridi wala ya mto mbaya. Ilikuwa ya ndege. Ukikata kona kwa kasi ya ndege ya vita, kichwa kinakuwa na uzito wa gunia, na yeye alikibeba kichwa chake hivyo kwa miaka ya ujana wake yote. Akamwacha jirani amalize. Habari ya kusimama hewani hakuiamini. Habari ya mbegu hakuiamini. Habari ya bawa aliiamini papo hapo, maana bawa lile lilikuwa lake.

"Ilikuwa inakusalimia wewe," akasema Mama Elisifa.

"Hapana. Ilikuwa inamsalimia mama."

Mama yake Stamili alizikwa zamani, na Mama Elisifa mwenyewe alipika kwenye msiba ule.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Enzi za urubani wake, kila alipopita juu ya Kisonsela, Stamili aliinamisha bawa la kushoto mara moja, na mama yake alitoka uani akapunga kanga. Ilikuwa marufuku. Wakubwa walimkaripia, akaahidi kuacha, hakuacha. Wakati huohuo alikuwa amevaa ile kofia yenye nyuzi ndani, ambayo marubani wote walivaa, na kofia ilikuwa inajifunza. Ilijifunza mkono unafanya nini, na moyo umefanya nini kabla ya mkono kusogea. Ukiivaa miaka ya kutosha, kinabaki kitu kinachoweza kuruka badala yako, kikaongea redioni kwa sauti yako, wewe ukiwa nyumbani unamenya viazi. Jeshini walikiita kivuli. Na kivuli cha Stamili kilichukua vyote, mazuri na ya wizi. Mama amekufa, rubani amestaafu, bawa bado linainama.

Kilichomtesa Stamili hakikuwa bawa. Ni kwamba siku hiyohiyo ndege zile zilipotoka Kisonsela zilielekea mpakani, na jioni yake redio ikatangaza kwamba ndege ya dawa kutoka ng'ambo ya Bonde la Chumvi imeanguka na wote waliokuwamo. Redio ilisema imeanguka. Stamili alikuwa ameishi vya kutosha na neno hilo.

*

Kanali Mbwilo alikuja asubuhi moja, siku kadhaa baadaye, gari akaliacha barabarani, akatembea hadi uani kofia ikiwa mkononi. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Stamili. Siku yake ya kwanza angani alitapika ndani ya barakoa ya hewa, na Stamili akamsimamia bombani aioshe mwenyewe, wenzake wakitazama. Sasa alikuwa amempita cheo. Ila adabu hakuiacha.

"Shikamoo, Meja."

Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Stamili kikaruka. Kiliruka chenyewe, kama mshipa wa kuku aliyechinjwa. Akakificha chini ya kanga.

"Marahaba, Kanali. Kaa hapo, kigoda kile mguu mbovu."

Mbwilo alikaa, akakubali chai, akaacha ipoe. Akaeleza kwa sauti ya mtu aliyeeleza jambo hilo mahali pengi. Ndege ilikuwa ndogo, ya wauguzi na maboksi ya dawa, imepotezwa na vumbi, ikavuka mpaka. Vivuli viwili vilikuwa doria, cha Stamili na cha marehemu Machibya, rubani mwenzake wa zamani. Vikaipiga. Kamati imefungua kila kitu, imekagua, na haikuona hitilafu. Kivuli kilitenda vilevile ambavyo mwenyewe angetenda.

Aliposema hayo alikuwa anatazama kuku.

Sheria Stamili aliijua, hakuhitaji kukumbushwa. Kivuli hakiruhusiwi kuua mpaka mwenyewe aliye hai akitambue. Kila mwaka baada ya mavuno alikwenda kambini Igembya, akaketi kwenye kiti, akaweka mkono juu ya sahani ya chuma na kusema, "Huyu ni mimi." Sahani inasoma damu. Ukisema kwa mdomo tu inabaki baridi. Ukisema kwa kweli inapata moto, na kivuli kinapewa mwaka mwingine. Maiti hawezi kutambua kitu, kwa hiyo kivuli cha marehemu kinaruka tu kikiwa ubavuni mwa kivuli cha aliye hai anayemdhamini. Machibya alikuwa anaruka kwa dhamana ya Stamili. Na mwaka huu mavuno yalikuwa yamekwisha, mkono wake ulikuwa haujawekwa, vivuli vyote viwili vilikuwa vimefungiwa.

"Ukiweka mkono, vinarudi doria," alisema Mbwilo. "Usipoweka, vinafutwa vyote viwili. Hapo mpaka utalindwa na watoto wa shule ya urubani, kwa miili yao."

"Wako tayari?"

"Meja, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hakuna siku mtu anakuwa tayari."

Stamili akaomba asikie. Mbwilo alikuwa amekuja na sauti za siku ile kwenye kidude kidogo cha mfukoni, akakiweka juu ya sinia la chai. Kwanza ilikuwa mikwaruzo. Kisha sauti ya mwanamume mtu mzima, Kiswahili cha ng'ambo ya bonde, kisicho na haraka.

"Shikamooni, wakubwa. Vumbi limenifunika. Nina wauguzi na dawa. Naomba njia."

Kimya. Halafu tena: "Samahani, wakubwa. Naomba njia."

Kisha sauti ya Machibya, nzima kabisa, yenye kicheko nyuma yake kama alivyokuwa: "Mtumwa wangu, huyu ana adabu sana."

Na sauti ya Stamili mwenyewe, ya miaka ile, ikajibu: "Nimemsikia."

Baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Kuku walikuwa wanaparua. Stamili akaomba arudishiwe kipande kile cha Machibya, akakisikiliza, akaomba tena. Mara ya mwisho hakuwa anasikiliza, alikuwa ameshaelewa na anasubiri kuchoka.

Machibya Ng'wandu alikuwa Msukuma, yeye Mnyiramba, na hao ni watani tangu mababu. Siku ya kwanza bwaloni, kabla hata hajauliza jina, Machibya alichukua nyama kwenye sahani ya Stamili, akala, akamwambia mtumwa wangu usinitazame hivyo, mla mlenda hana haja ya nyama. Stamili akamwaga chai yake yote kwenye kikombe cha Machibya ikafurika mapajani, akamwambia akalale na ng'ombe wake. Kuanzia hapo walipangwa pamoja, yeye mbele, Machibya ubavuni kushoto, na angani hawakuwahi kuongea kwa heshima. Matusi ya utani ndiyo yaliyokuwa hewa yao. Vita ilipoanza, adui alipata njia ya kuingia kwenye redio zao. Mwenzao mmoja aliitwa kwa sauti nzuri, tafadhali ndugu teremka kidogo, akateremka, akapigwa. Jioni ile Stamili na Machibya waliwekeana agano. Maadamu tunatukanana, mambo salama. Siku nikikuita Meja, siku nikikupa shikamoo, ujue nimeshikiwa bunduki, au si mimi. Mmoja akikaa kimya sana, mwingine alisema, nitukane basi, nijue uko salama.

Haikupita muda sauti yenye adabu ikaja. Machibya akasema, huyu ana adabu sana. Stamili akasema, nimemsikia, akapiga. Na safari ile alikuwa adui kweli. Alipewa medali, na medali ipo mpaka leo kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika.

Basi kofia ikajifunza. Ilijifunza kwa miaka, vita ikaisha, kofia haikuambiwa kwamba imeisha. Anayekutukana ni wako. Anayekuamkia, mpige.

Stamili alimweleza Mbwilo yote, polepole, bila kupamba. Kanali hakushangaa kama Stamili alivyotarajia. Alikaa akiugusa ukingo wa kikombe, kisha akasema kwamba hilo basi linarekebishika, na uso wake ukapata uhai kidogo. Kivuli si muhogo, huwezi kukata palipooza ukaacha pazima, lakini kinaweza kufundishwa upya na mwenyewe. Stamili arudi kwenye kiti. Avae kofia. Watu wamsalimie kwa adabu redioni, leo, kesho, mwaka mzima, miwili ikibidi, mpaka kivuli kizoee kwamba salamu ni salamu.

"Mpaka mimi nizoee," alisema Stamili.

"Mpaka kizoee, Meja."

Stamili akautoa mkono wa kulia chini ya kanga, akaulaza juu ya goti, kiganja chini.

"Nisalimie tena."

Mbwilo hakuelewa. Akasita. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kumtii mwanamke huyu kabla ya kumzidi cheo, akasema, "Shikamoo, Meja."

Wote wawili wakakiona kidole gumba, kidole cha kufyatulia, kikiruka.

*

Aliahidi kwenda Igembya kesho yake. Hakusema anakwenda kufanya nini.

Jioni, jua bado lipo, Mama Elisifa alikuja na chupa ya mafuta ya alizeti, yamejaa hadi shingoni, ya rangi nzuri. Stamili aliyatazama, akakumbuka zile mbegu zilizogoma, akapokea akashukuru. Mtu akikuletea kitu na uongo wake pamoja, unapokea vyote.

Jirani aliketi chini, akanyoosha miguu. Alizunguka sana kabla ya kufika. Alisema habari ya mvua, habari ya wifi yake na mnada. Mwisho alisema kwamba Elisifa amepiga simu kutoka shule ya urubani, anacheka, anasema wamepimwa suti za kuruka zile zinazobana miguu, na kwamba wameambiwa huenda wakapelekwa mpakani kabla ya wakati. Anacheka, alirudia. Mtoto ambaye baiskeli ya baba yake ilimshinda, akaiingiza kwenye shimo la takataka mbele ya watu wa kanisa.

Stamili alimjua Elisifa vizuri. Ni yeye aliyemwonyesha, kwa ufagio na kigoda, jinsi mkono unavyoshika usukani wa ndege, binti akiwa na meno ya mbele yameng'oka. Hata hilo lilikuwa shingoni mwake.

"Dada Stamili," alisema Mama Elisifa, "wanasema yote yapo kwenye mkono wako. Wape mkono."

Stamili akamweleza kuhusu yule mtu wa dawa. Alimweleza maneno yake yote, ile shikamooni, ile samahani. Akamwambia kwamba kile kitu kikirudi angani kabla hakijabadilika, kitafanya hivyo tena, na hajui kama kitabadilika, kwa sababu yeye mwenyewe hajabadilika.

Mama Elisifa alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwongo wa ndege na wa mbegu, lakini alipojibu hakukuwa na uongo ndani yake.

"Yule amekwisha kufa, dada. Wangu bado."

"Mwanao akiwa pale juu, mtu akimwamkia, ataitikia."

"Na akiitikia akapigwa?"

Stamili na Machibya walilitafuta jibu la swali hilo jioni moja, wakapata agano, na agano ndilo lililompiga yule mtu wa dawa. Akafunika chupa vizuri. Wakakaa, wanawake wawili, mpaka kuku wakaanza kupanda bandani, na jirani akainuka akapangusa kanga yake akaondoka bila kuaga.

*

Chumba cha kiti Igembya kilinuka vilevile, mpira na jasho la watu wengi. Binti wa mitambo alimfunga mikanda kwa mikono laini, akimwomba radhi kila anapokaza, na kila radhi Stamili aliisikia kwenye kidole gumba. Mbwilo alisimama nyuma ya kioo. Mkono wa kulia wa kiti ulikuwa na ile sahani ya chuma, imeng'aa katikati kwa viganja vya watu.

Kiti kilimkumbuka. Mgongo ulipopata nafasi yake tu, mwili ukaanza kujiandaa wenyewe, mapaja yakakaza, pumzi ikawa ya vipande vipande. Hivi ndivyo wanavyopumua wanaobeba uzito wa mara nane wasizimie. Alitumia miaka kujifunza pumzi ile na miaka zaidi kujaribu kuisahau.

Kabla ya kuweka mkono, mwenyewe ana haki ya kukiona kivuli chake. Vinaamshwa kwenye anga la mazoezi, ambalo ni la taa tu, hakuna ndege wala risasi. Mbele yake pakafunguka bonde, jeupe kwa chumvi, na nukta mbili zikakatiza, moja mbele, moja ubavuni kushoto.

"Mtumwa wangu," ikasema redio. "Umechelewa. Mlenda ulikuwa haujaiva?"

Mwaka jana, na kila mwaka, alimjibu hapo hapo. Alimwambia alikuwa anatafuta mchembe mkubwa, kiazi kikavu cha kwao Usukumani, wa kumzibia mdomo, Machibya akacheka, kisha yeye akaweka mkono kwenye sahani machozi yakimtoka na kusema maneno, chuma kikapata moto. Alikuwa hajui kama alisema kwa ajili ya taifa au kwa ajili ya kicheko kile.

Maana Machibya halisi alikufa kijinga, wakati wa amani. Kundi la ndege aina ya heroe liliruka kutoka ziwani, likaingia kwenye injini. Alimwambia Stamili redioni tu, mtumwa wangu usinililie, utachafua kioo, akaanguka. Na kwenye mazishi, kwa desturi, mtani ndiye mwenye kazi. Stamili alipaswa kuingia kaburini, alale humo, akatae jeneza lisishushwe mpaka wafiwa wampe chochote ndipo atoke. Alipaswa kumwigiza marehemu anavyotembea, aseme leo nimepumzika, mwizi wa nyama amepatikana. Wazee wa Kisukuma walikuwa wanamtazama, wanamsubiri. Lakini yalikuwa mazishi ya kijeshi. Alisimama wima kwenye mstari, amevaa glavu nyeupe, akapiga saluti. Machibya alizikwa kwa adabu.

Stamili akaipuliza pumzi yote. Akabonyeza kitufe cha redio, na hakuongea kwa sauti yake ya utani.

"Shikamooni, wakubwa. Vumbi limenifunika. Naomba njia."

Nyuma ya kioo Mbwilo aliinua kichwa.

Bondeni, nukta mbili ziliendelea mbele kidogo, kama watu wawili wanaotembea walioitwa na mtu wasiyemjua. Kisha zikageuka, zote mbili kwa pamoja, vizuri sana. Stamili hakuweza kujizuia kuona jinsi zilivyogeuka vizuri. Kona ile aliivumbua yeye. Mlio wa kulenga ukaanza, mwembamba, wa kuendelea.

"Samahani, wakubwa," alisema. "Naomba njia."

"Mtumwa wangu," akasema Machibya, "huyu ana adabu sana."

Alijisikia akijibu. Alikaa kwenye kiti mdomo umefungwa, akajisikia akijibu, kwa sauti changa, isiyo na hasira wala chuki. Ilikuwa sauti ya mtu anayefunga dirisha kwa sababu mvua inakuja.

"Nimemsikia."

Zikapiga, na anga la mazoezi likawa jeupe lote.

Waliliwasha upya. Mbwilo aliingia ndani mwenyewe, akachuchumaa kando ya kiti ili macho yake yawe chini ya macho ya Stamili, na kumwambia taratibu kwamba hilo hasa ndilo watakalolirekebisha. Kwamba sheria haina njia nyingine: kivuli kisichotambuliwa hakiwezi kufundishwa, kwa hiyo atambue kwanza, mafunzo yaanze kesho. Akasema vijana wa shule wanapanda magari Ijumaa. Hakumtaja Elisifa, pengine hakumjua. Akamwita Meja. Akasema tafadhali.

Stamili aliitazama sahani. Watu huogopa kwamba itabaki baridi. Yeye alijua kwamba ingepata moto kabla hajamaliza neno, zaidi kuliko mwaka wowote, kwa sababu haijawahi kuwa kweli kama leo. Huyu ni yeye. Bawa ni lake, kona ni yake, na dirisha lile lilifungwa kwa mkono wake. Na wakati yeye anafundishwa upya kuitikia salamu, mwaka mzima, miwili, kile kitakuwa juu ya bonde kinafanya kazi, na watu wa ng'ambo wana adabu.

"Nikikataa," aliuliza, "atafutwa lini?"

Alisema atafutwa, hakusema kitafutwa, na Kanali alilisikia hilo.

"Leo hii, Meja. Vinafutwa vikiwa macho. Hatuna namna ya kuvilaza kwanza."

Akatoka, akarudi nyuma ya kioo, akasubiri. Binti wa mitambo alikuwa amesimama mikono nyuma, anatazama sakafu.

Stamili akautoa mkono wa kulia kwenye egemeo, akaulaza mapajani, juu ya ule wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa kimetulia.

Kwenye bonde la taa, nukta mbili zilikuwa zimerudi mstarini, moja mbele, moja ubavuni, zinazunguka bila haraka. Ile ya ubavuni ikasogea kidogo, kama mtu anayemkaribia mwenzake amwone uso.

"Mtumwa wangu, upo?"

Tusi alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ya mazishi, zuri, la kuangusha wazee wa Kisukuma kwa kicheko, hajawahi kulitoa. Lilikuwa pale ulimini. Lakini kumtukana ni kumwambia mambo ni salama, na katika miaka yote ile, hilo ndilo jambo moja ambalo hawakuwahi kudanganyana.

"Mnyiramba," ikasema redio. "Unanitia wasiwasi bwana. Nitukane basi, nijue uko salama."

Mbwilo alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo. Mikono ya Stamili ilikuwa mapajani.

"Tusi moja tu," akasema Machibya.